Nchi Ipi, Mtu Yupi: Sheria ya Kiyahudi na Usayuni Kandokando ya Mlima Elgon

Halakha ni jina la sheria ya dini ya Kiyahudi. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kwenda, na wanaoishika sheria hiyo huiona kuwa njia ya kupitia maisha yote: chakula, ndoa, biashara, kilimo, sala na maziko. Chimbuko lake ni Torati, ambayo kwa hesabu ya mapokeo ina amri 613. Juu ya Torati ikajengwa Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, kisha Talmudi ya Babeli, na baadaye vitabu vilivyozipanga hukumu, kama kile cha Maimonides cha karne ya 12 na Shulhan Arukh cha Yosef Karo, kilichochapishwa Venice mwaka 1565. Wayahudi hawana papa wala baraza moja lenye kauli ya mwisho. Swali likizuka, rabi huwasoma waliomtangulia na kutoa jibu, na rabi mwingine ana haki ya kumpinga kwa vitabu vilevile.

Kwa karne nyingi sheria hiyo iliishi bila dola. Usayuni, yaani siasa ya kuwatafutia Wayahudi nchi yao kama taifa, ulipopata nguvu mwishoni mwa karne ya 19, marabi walitakiwa kujibu maswali ambayo wazee wao hawakulazimika kuyakabili. Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyeitisha Kongamano la kwanza la Kisayuni mjini Basel mwaka 1897, hakuwa mshika dini. Kwake Wayahudi walikuwa watu wanaoteswa, na dawa yao ilikuwa ardhi na serikali. Marabi wengi walishtuka. Talmudi inasimulia viapo vitatu: Israeli wasiirudie nchi yao kwa wingi na kwa nguvu, wasiyaasi mataifa, na mataifa nayo yasiwatese Israeli kupita kiasi. Wapinzani walivisoma viapo hivyo kuwa amri ya kumngoja Masihi. Mwaka 1961 Rabi Joel Teitelbaum wa Satmar alivijengea kitabu kizima. Rabi Yitzchak Yaacov Reines aliona vingine. Mwaka 1902 alianzisha chama cha Mizrachi mjini Vilna, akishikilia kwamba mshika dini anaweza kushirikiana na asiyeshika dini katika kuwanusuru watu wao.

Mabishano yao yaliishia kwenye maswali mawili: nchi ni ipi, na Myahudi ni nani? Yote mawili yaliwahi kupimwa Afrika Mashariki, la kwanza upande wa kusini-mashariki wa Mlima Elgon, la pili upande wa magharibi.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Waingereza walitaka walowezi wa kuilipia gharama yake, na Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni aliyepita kwenye reli hiyo mwishoni mwa 1902, akawafikiria Wayahudi. Agosti 1903 serikali yake ilimwandikia Herzl kupitia wakala wake, ikikubali kuzungumzia makazi ya Wayahudi yenye utawala wa ndani. Eneo lililolengwa hatimaye lilikuwa nyanda za juu za Uasin Gishu. Historia imeuita mpango huo wa Uganda, ingawa nyanda hizo zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye himaya iliyokuja kuwa Kenya.

Miezi minne kabla, Aprili 1903, Wayahudi 49 walikuwa wameuawa Kishinev, katika milki ya Urusi. Kwa hiyo Kongamano la sita lililokutana Basel lilikuwa na harufu ya damu. Herzl hakuomba Palestina iachwe. Aliomba tume itumwe ikaitazame ardhi hiyo, iwe hifadhi ya muda. Kura 295 zilimkubalia, 178 zilimkataa. Wengi wa waliokataa walikuwa wajumbe kutoka Urusi, wakiwemo wa Kishinev yenyewe, waliokuwa na haja ya hifadhi kuliko wote. Walitoka ukumbini, na wapo walioketi chini wakilia kama wanaoomboleza kubomolewa kwa Hekalu.

Msomaji angetarajia wanaharakati wasio na dini wawe wepesi wa kuikubali Afrika, na washika dini waing'ang'anie Sayuni, nchi ya mababu. Ilikuwa kinyume. Wasiosali walilia kwa ajili ya Sayuni, na wajumbe wengi wa Mizrachi, Reines akiwa mbele yao, wakaunga mkono uchunguzi wa Uasin Gishu. Sababu iko ndani ya halakha. Kuna kanuni iitwayo pikuah nefesh, kuokoa uhai, ambayo huziweka kando karibu amri zote. Hata Sabato huvunjwa ili mtu asife. Reines aliona kwamba watu wanaochinjwa wanatangulia ardhi, na kwamba ahadi ya Sayuni inabaki salama ndani ya sala. Aliyekwisha kuiondoa sala maishani mwake hakuwa na pa kuiweka Sayuni isipokuwa kwenye ramani.

Tume ya watu watatu ilizunguka nyanda hizo mwanzoni mwa 1905. Walowezi wa Kizungu, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wameshapiga kelele za kupinga. Herzl alikuwa amefariki Julai 1904, na Kongamano la saba, mwaka 1905, likaikataa Afrika moja kwa moja. Katika mazungumzo hayo yote, wenye ardhi hawakuulizwa. Wanandi walikuwa bado wanapigana na Waingereza, na Oktoba mwaka huohuo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na ofisa Mwingereza alipokwenda kufanya mazungumzo ya amani. Miaka mitatu baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika na magari yao ya ng'ombe wakapewa nyanda hizo. Dhuluma hii haina budi kusemwa wazi kila mkasa huu unaposimuliwa.

Hoja ya Reines haikufa, lakini warithi wa chama chake waliigeuzia mgongo. Rabi Abraham Isaac Kook, mmoja wa marabi wakuu wawili wa Palestina tangu 1921, alifundisha kwamba hata mkulima asiye na dini anatimiza kusudi la Mungu bila kujua. Baada ya vita vya 1967 wanafunzi wa mwanawe, Zvi Yehuda Kook, waliligeuza fundisho hilo kuwa siasa ya makazi: ardhi ambayo Israeli iliiteka vitani haiachwi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Rabi Ovadia Yosef, rabi mkuu wa Wasefardi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania na Mashariki, alihukumu kwamba ardhi inaweza kuachiliwa ikiwa amani itaokoa uhai. Kanuni yake ni ileile ya pikuah nefesh. Anayedai kwamba sheria ya Kiyahudi ina msimamo mmoja kuhusu ardhi hajasikiliza upande wa pili.

Swali la mtu lina jibu fupi katika halakha. Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka mbele ya mahakama ya marabi watatu kwa kukubali amri, kuzamishwa majini na, kwa mwanamume, kutahiriwa. Israeli ilipotunga Sheria ya Kurejea mwaka 1950, ilimpa kila Myahudi haki ya kuhamia nchini bila kueleza Myahudi ni nani. Marekebisho ya 1970 yalichukua maelezo ya halakha, yakawaongezea haki hiyo watoto, wajukuu na wenzi wa ndoa, ila hayakutaja ni marabi wa mkondo gani wenye uwezo wa kumwongoa mtu. Ndoa na talaka zilikuwa zimeshaachwa mikononi mwa marabi Waothodoksi, wa mkondo unaoishika halakha kwa ukali, kwa sheria ya 1953. Kwa hiyo nchi moja ina malango mawili: la uhamiaji na la ndoa.

Ethiopia inaonyesha jinsi hukumu ya dini inavyoweza kufungua mpaka. Mwaka 1973 Ovadia Yosef, akimfuata rabi wa Misri wa karne ya 16, David ibn Zimra, aliamua kwamba Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia, ni uzao wa kabila la Dani. Mwaka 1975 serikali ikawaingiza katika Sheria ya Kurejea, na Mei 1991 zaidi ya watu 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa kwa muda wa siku moja na nusu. Hata hivyo, marabi wakuu walidai wazamishwe majini kwa tahadhari, na mwaka 1985 Waethiopia waliandamana Jerusalem kupinga fedheha hiyo.

Katika nchi za Maziwa Makuu neno nasaba lina uzito wake. Mwaka 1863 mpelelezi John Hanning Speke alichapisha dhana kwamba watawala wa eneo hili walitoka Ethiopia, na wakoloni wakaikuza hadi ikawa hadithi ya Watutsi wageni na Wahutu wenyeji. Baadaye wapo walioongeza kwamba Watutsi ni uzao wa Israeli. Kinama, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura nchini Burundi, ni miongoni mwa mitaa iliyoumia katika vita vya miaka ya 1990, na wakazi wake wanajua hadithi za asili zinavyoweza kumtenga jirani na jirani. Kwa halakha, simulizi ya asili bila mapokeo yaliyothibitishwa na marabi haimfanyi mtu kuwa Myahudi, na aliyeongoka haulizwi babu zake walitoka wapi.

Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi ya Mbale upande wa magharibi wa Mlima Elgon, hawadai nasaba. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari Mganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda kisha akanyimwa ufalme alioutarajia. Kwa kusoma Biblia peke yake alifikia uamuzi wa kutahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919, akaishika Sabato hadi kifo chake mwaka 1928. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Walibaki mamia machache. Mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Masorti, ambao si Waothodoksi, walikwenda kuwaongoa kwa mujibu wa sheria, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akawa rabi baada ya masomo Los Angeles. Wenzao wa kijiji cha Putti walitaka kuongolewa na Waothodoksi pekee.

Mwaka 2016 Wakala wa Kiyahudi, chombo kinachoshughulikia uhamiaji, uliwatambua Abayudaya kuwa jumuiya ya Kiyahudi. Mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ilikataa ombi la kijana mmoja wao aliyetaka kuhamia. Machi 2021 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba walioongolewa na Masorti au Wareforma, mkondo mwingine usio wa Kiothodoksi, ndani ya Israeli wana haki ya Sheria ya Kurejea, uamuzi usiogusa walioongolewa huko Mbale. Hata uhamiaji ukiwafungukia, lango la ndoa linabaki kwa marabi Waothodoksi, wasioukubali uongofu wa Masorti.