Maneno ya Uzazi Yafaayo Kujulikana Kabla Chombo Hakijang'oa Nanga

Mama mja mzito wa visiwa vya Wabajuni akipatwa na shida hana njia ya kwenda hospitali ila bahari. Kutoka Chula, Chovai au Koyama hupakiwa chomboni kuelekea Kismayo. Kaskazi ivumapo, upepo humjia nahodha usoni. Kusi ikishika, maji ya nje ya mwamba huchafuka hata wavuvi wazoefu wakaahirisha safari. Kwa hiyo saa ya kuondoka haiamuliwi na daktari. Huamuliwa na mkunga, mama mkwe na mume, na mara nyingi mume mwenyewe yuko mbali kazini, habari zikimfikia kwa simu. Akiambiwa tu kwamba "tumbo lamsumbua", ataamua nini?

Si jambo dogo. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa Somalia uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kuwa akina mama 692 hufariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000, na kwamba takriban theluthi moja tu ya wazazi ndio waliohudumiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Wengi waliobaki walijifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi. Wakunga hao wana ujuzi wao, lakini hawana damu ya akiba wala chumba cha upasuaji.

Basi tuanze na hesabu. Daktari huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, nayo ni siku 280, yaani wiki 40. Bibi wa visiwani huhesabu miezi tisa kwa mwezi mwandamo, na vijana humcheka. Hawana haki ya kumcheka. Mimba hutungwa kiasi cha wiki mbili baada ya hedhi kuanza. Ukiziondoa hizo zinabaki siku 266, ambazo ni miezi tisa mwandamo kamili. Hesabu zote mbili ni sawa, ila muuguzi lazima aambiwe imeanzia wapi. Mtoto azaliwaye kabla ya wiki 37 kutimia huitwa njiti, na kosa la wiki mbili laweza kumfanya njiti aonekane mtoto aliyetimia.

Yai la mama hukutana na mbegu ya baba ndani ya mrija wa uzazi, kisha husafiri siku kadhaa hadi mji wa mimba na kujishikiza ukutani mwake. Katika majuma manane ya kwanza tangu kutungwa kiumbe huitwa kiinitete. Moyo wake huanza kupiga kiasi cha siku ya 22, wakati mama pengine hajui kuwa ana mimba. Baada ya hapo huitwa kijusi. Viungo vimekwisha kuumbika, na kazi iliyobaki ni kukua na kukomaa. Mama mwenye mimba ya kwanza huanza kumsikia akicheza baina ya wiki ya 18 na ya 20.

Kijusi huelea katika maji yaliyomo ndani ya chupa ya uzazi. Chakula na hewa hukipata kwa kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio, kupitia kamba ya kitovu. Kwa kawaida damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Hupita ubavu kwa ubavu zikipeana mahitaji.

Wakati wa kuzaa, au kuvyaa kama zisemavyo lahaja za kaskazini, mlango wa kizazi hufunguka kidogo kidogo hadi sentimita 10. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya uchungu, na ndiyo ndefu kuliko zote. Ya pili ni kutoka kwa mtoto. Ya tatu ni kutoka kwa kondo, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, kwa kuwa vigelegele vimekwisha pigwa na watu wametawanyika. Kondo lisipotoka kwa nusu saa, hiyo ni hatari. Mama akipoteza damu ya nusu lita au zaidi, madaktari huita kuvuja damu baada ya kuzaa, na damu ikimwagika kwa nguvu aweza kufa katika muda wa saa mbili. Chombo cha tanga kutoka Chula hakiwezi kufika Kismayo kwa saa mbili.

Dawa zipo. Sindano ya oksitosini huukaza mji wa mimba, lakini yataka kutunzwa kwenye baridi, na barafu visiwani ni tatizo. Vidonge vya misoprostoli havihitaji barafu, navyo vyafaa kuulizwa kliniki mapema. Aliyekwisha vuja damu uzazi uliopita asingoje uchungu kisiwani. Avuke wiki chache kabla, akae kwa jamaa mjini.

Jina jingine la kukumbukwa ni kifafa cha mimba. Hakitokani na shetani wala jicho la mtu. Baada ya wiki ya 20 shinikizo la damu hupanda, kichwa huuma kisiachie, macho huona giza au vimulimuli, uso na mikono huvimba. Mama wa namna hiyo asafirishwe kabla hajaanguka, si baada. Vilevile uchungu uliozidi saa 12 bila mtoto kusogea, au mtoto aliyekingama tumboni, si kazi ya kumalizwa na mkunga peke yake.

Liko jambo la mwisho. Wauguzi wengi wa Kismayo husema Kisomali, na mama wa kisiwani akiwa na maumivu huenda asikumbuke ila Kibajuni. Anayemsindikiza basi ajue kuwa mimba ni uur, uchungu wa kuzaa ni fool, damu ni dhiig, na kondo la nyuma ni mandheer. Ayaandike kwenye karatasi moja na tarehe ya hedhi ya mwisho, saa uchungu ulipoanza na saa chupa ilipopasuka, na karatasi hiyo isafiri katika mfuko wake, si katika mzigo ulio chini ya chombo.