Mnara wa Redio Uliokwishatumika: Ukaguzi na Usimamishaji Wake

Katika redio ya ridhaa, yaani mawasiliano yanayofanywa kwa leseni na watu wanaojifunza na kufanya majaribio bila malipo, mnara ni miongoni mwa vifaa vya gharama kubwa, na kwa sababu hiyo minara mingi huuzwa tena pindi mwenyewe anapohama, anapozeeka au anapofariki. Bei ya mnara wa namna hiyo huvutia, lakini haimwelezi mnunuzi ulibeba mzigo gani, ulisimama miaka mingapi katika upepo wa chumvi, wala maji yalituama wapi ndani ya mabomba yake. Mambo hayo hujulikana kwa ukaguzi, na ukaguzi huo hufanywa mnara ukiwa ungali umelala chini.

Faida ya mnara hutokana na kimo chake. Mawimbi ya masafa mafupi husafiri mbali kwa kurudishwa na ionosifia, ambayo ni tabaka la juu la angahewa lenye chembe zilizochajiwa umeme, na kadiri mawimbi yanavyotoka karibu zaidi na upeo wa macho ndivyo yanavyoangukia mbali zaidi. Antena ya mlalo ya masafa ya megahezi 14, ambayo urefu wa wimbi lake ni takriban meta 21, ikiwekwa meta 9 juu ya ardhi tambarare hutoa mawimbi yake makali zaidi kwa pembe ya nyuzi 36 hivi, ilhali ikipandishwa hadi meta 18 pembe hiyo hushuka hadi nyuzi 17. Hata hivyo, kila meta inayoongezwa huuongezea mnara mzigo wa upepo, nao upepo hauongezi nguvu zake polepole, kwa kuwa kasi yake ikiwa maradufu msukumo wake huwa mara nne.

Mfano unaofahamika sana ni mnara wa Rohn 25G wa Marekani, unaoundwa kwa vipande vya pembetatu vyenye urefu wa meta 3 hivi na uzito wa takriban kilo 18 kila kimoja, ambavyo miguu yake mitatu ni mabomba yaliyounganishwa kwa vyuma vyembamba vilivyopindwa kwa mshazari. Chuma chake huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa ili kisishike kutu, na maadamu ngozi hiyo ya kijivu ingalipo, kipande huweza kudumu kwa miongo kadhaa. Kutu ya hatari zaidi, hata hivyo, huanzia ndani ya bomba, mahali ambapo maji ya mvua na umande hukusanyika endapo tundu la chini limezibwa na udongo au zege. Kwa hiyo mkaguzi huchungulia kila mguu kwa tochi, huugonga kwa nyundo ndogo tangu juu hadi chini akisikiliza mahali ambapo mlio unafifia, na huzingatia hasa sentimeta chache zilizokuwa zikigusana na zege. Katika nchi zenye baridi kali hutafuta pia ufa ulionyooka kando ya bomba, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kulipasua. Kipande kilichopinda, kilichopasuka au kilichoungwa kwa kulehemu na mtu asiyejulikana hakirekebishwi, bali hukataliwa.

Baadhi ya sehemu hazistahili kukaguliwa kwa kuwa ni nafuu kuzibadilisha, nazo ni bolti, nati, nyaya za kushikilia na vibanio vyake. Nyaya za kushikilia ni zile zinazofungwa mnarani katika ngazi kadhaa na kuteremka pande tatu hadi kwenye nanga zilizozikwa ardhini, na bila nyaya hizo mnara mwembamba wa aina hii hauwezi kusimama ukiwa mrefu. Kwa kawaida nanga huwekwa umbali unaokaribia asilimia 80 ya kimo, hivyo mnara wa meta 18 huhitaji meta 14 hivi za uwanja katika kila upande. Waya wa chuma kigumu wenye kipenyo cha milimita 4.8 hukatika kwa mvuto wa takriban kilo 1,800, nao hukazwa kwa asilimia 10 ya kiasi hicho, kwani ukilegea mnara huyumba, na ukizidi kukazwa huigandamiza miguu bila sababu.

Msingi haununuliwi pamoja na mnara, bali humwagwa upya kwa vipimo vya mtengenezaji. Chini ya miguu hutandazwa kokoto ili maji yapate njia, na zege huachwa ikomae, ambapo nguvu yake iliyokusudiwa hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28. Kipande cha kwanza husawazishwa kwa timazi na pima maji, kwa sababu kosa dogo la chini huonekana kubwa kileleni. Vipande vingine hupandishwa kwa mlingoti mfupi wenye kapi, unaofungwa juu ya kipande kilichokwisha kusimama, huku kamba ikivutwa na watu walio chini, na mpandaji akiwa amevaa mkanda wa mwili mzima wenye kamba mbili ili moja iwe imefungwa daima. Kazi hii haifanywi mahali ambapo mnara ukianguka ungeweza kugusa nyaya za umeme.

Antena nayo hupimwa kabla ya kupanda. Alumini hujifunika utando usiopitisha umeme vizuri, hivyo viungo vyake hufunguliwa, husuguliwa hadi ving'ae na kukazwa kwa bolti za chuma kisichoshika kutu. Kebo ya zamani hukatwa ncha na kuchunguzwa: wavu wake wa shaba ukiwa umegeuka mweusi au kijani, maji yameshaingia, na sehemu ya nguvu za redio itaishia kuwa joto kabla ya kufika kileleni.

Yapo pia mambo ya radi na ya sheria. Nchi zinazozunguka Ziwa Victoria zimo katika eneo linalopigwa na radi kwa wingi duniani, kwa hiyo miguu ya mnara na ganda la kebo huunganishwa na vyuma vilivyopigiliwa ardhini, navyo huunganishwa na ardhi ya umeme wa nyumba. Leseni ya redio hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na, kwa Kenya, na Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo, ilhali mnara ulio karibu na uwanja wa ndege huhitaji pia ridhaa ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Mnara uliokwishatumika, basi, ni ununuzi mzuri kwa yule tu anayehesabu bei ya nyaya, bolti, kebo na zege mpya kuwa sehemu ya bei yake, na aliye tayari kuacha nje kipande chochote ambacho uzima wake haukuthibitika.