Tovuti ya kahawa: hesabu ianzie mwisho

KIHANGA, Karagwe. Msimu wa kahawa mkoani Kagera kwa kawaida huanza Mei. Mfanyabiashara anayetaka tovuti yake iwe tayari kabla ya hapo ahesabu wiki 12 kurudi nyuma; kazi ianze mapema Februari.

Mgawanyo ni huu: makubaliano na bei, wiki 2; michoro ya kurasa, 2; utengenezaji, 5; majaribio na marekebisho, 3.

Anayechelewesha mara nyingi si fundi bali mwenye mali, ambaye hajatoa maelezo wala picha. Picha za mavuno na uanikaji hazipatikani Februari. Zipigwe msimu uliotangulia.

Malipo yafuate hatua, na awamu ya mwisho isubiri majaribio. Anwani ya .co.tz isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi.