Mtoe rafiki aliyejifungua mkale nje, kisha msikilize

Mama akijifungua, wageni hufurika na kanga, sabuni na pampasi. Kila mmoja anataka kumpakata mtoto. Miezi mitatu ikipita, wageni hukoma, na wachache humuuliza mama mwenyewe anaendeleaje.

Jumamosi iliyopita nilimwalika rafiki yangu niliyesoma naye chuo kwenye mgahawa mmoja kando ya Ziwa Victoria, jijini Mwanza. Alikuja na mwanawe wa miezi mitano. Tuliagiza sato wa kukaanga, ugali na kachumbari. Chakula kilipofika nilimpokea mtoto ili mama ale kwa utulivu.

“Sijala chakula cha moto tangu nijifungue,” akasema huku akicheka.

Tulikula, tukakumbushana vituko vya hosteli, tukatazama kivuko cha Kamanga kikiondoka. Sahani zilipoondolewa, akazungumza bila kunitazama: “Shoga, kuna siku nalia tu. Mtoto akilala, mimi silali. Naona kama sifai kuwa mama.” Hali hiyo ilikuwa na zaidi ya mwezi, na nyumbani hakuwa amemwambia mtu.

Sikumwambia ajikaze. Tulikubaliana nimsindikize kliniki Jumatatu, na tulikwenda.

Huzuni na machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, huenda ni sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu asilimia 20 ya wanawake hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Si uvivu, si deko, wala si kukosa shukrani. Ni ugonjwa, na unatibika kwa ushauri nasaha na, inapobidi, dawa ambazo daktari huchagua akizingatia kwamba mama ananyonyesha.

Samaki hatibu sonona. Lakini mama akitoka nje ya kuta nne, akala akashiba, na akawa na mtu asiyemhukumu, hupata nafasi ya kusema. Baadhi ya wanawake hushindwa kusema hayo nyumbani mbele ya mama mkwe na wifi.

Si lazima iwe mgahawani. Benchi chini ya mti na mahindi ya kuchoma yanatosha. Baba, shika zamu na watoto wakubwa ili mkeo atoke bila wasiwasi. Na wewe rafiki, beba mtoto, uliza, halafu nyamaza usikilize. Akitaja kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Unamjua aliyejifungua mwaka huu? Mpigie leo. Kabla ya kuuliza habari za mtoto, muulize yeye amekula nini na amelalaje.