Jina Jema Hujengwa Kabla ya Cheti

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeitumia katika insha zetu tangu shule ya msingi, na wengi wetu tunaikubali bila kuiuliza swali hata moja. Lakini hebu nenda sokoni asubuhi umtazame mama mboga. Nyanya zake ni nzuri, nyekundu na ngumu, ila hakuziacha ndani ya gunia eti zijiuze zenyewe. Amezipangusa vumbi, amezipanga mafungu mafungu, na kila apitaye anaziona. Je, mama huyu anajitembeza? La hasha! Anamwezesha tu mnunuzi kukiona kilicho chema. Anayejitembeza ni yule anayepanga nzuri juu na kuficha zilizooza chini.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu jambo hilo hilo, ila si la nyanya bali la watu. Nataka kueleza jinsi mwanafunzi wa chuo kikuu, hasa anayesomea shahada ya uzamili au ya uzamifu, anavyojijengea jina na ujuzi wa kazi angali masomoni. Huenda ukauliza, mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua nini kuhusu uzamili? Jibu langu ni kwamba mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Jioni hurudi nyumbani, na meza ninayofanyia kazi za ziada ndiyo hiyo hiyo anayoandikia dada yangu tasnifu yake. Taa yetu ni moja, na maswali yangu ni mengi.

Tena kwetu jambo hili si la mchezo. Baba aliuza ng'ombe wawili ili dada aendelee na uzamili. Majirani nao hawakosi la kusema. Eti waliosoma wamejaa barabarani na bahasha za kaki kwapani. Baba amenieleza waziwazi kwamba dada akikosa kazi akiwa na shahada mbili, mimi nikimaliza kidato cha nne nitafute kitu cha kunipa pesa haraka. Nami moyo wangu uko katika udaktari wa mifugo. Ndiyo sababu nilitaka kujua kwa hakika, je, ni nini kinachomfanya msomi apate kazi?

Kwanza tueleweshane. Shahada ya kwanza aghalabu huchukua miaka minne au zaidi. Uzamili hufuata, na mara nyingi huchukua miaka miwili. Uzamifu ndio kilele, na huchukua mitatu au zaidi. Tofauti kubwa si miaka. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hupewa maarifa yaliyokwisha kupatikana. Katika uzamili na uzamifu anatakiwa atafute maarifa mwenyewe, akiongozwa na msimamizi, ayaandike katika tasnifu, kisha aitetee mbele ya wataalamu. Kwa hivyo huyu si mwanafunzi tu. Ni mfanyakazi mchanga ambaye kazi yake tayari inaonekana au haionekani.

Wamarekani wana namna yao ya kulisema jambo hili. Mwaka 1997 mwandishi Tom Peters aliandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu anapaswa kujiona kama bidhaa yenye chapa, kama vile viatu au soda. Tangu hapo neno hilo limeenea hadi vyuoni. Mimi kusema kweli sipendi kuitwa bidhaa. Kiswahili kina neno zuri zaidi, nalo ni jina. Tunasema fulani ana jina, au fulani ameharibu jina. Chapa hupigwa siku moja ikakauka, lakini jina hujengwa kidogo kidogo, na wanaolitunza ni watu wengine.

Mfano bora ninaoujua ni wa Profesa Wangari Maathai. Sote tunamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopata mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuituzwa. Wachache wanajua alivyokuwa wakati wa uzamili. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa Wakenya karibu 300 waliopelekwa Marekani kusoma. Alipata shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964 mjini Atchison, jimbo la Kansas, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa uzamili. Huko alichunguza tezi ndogo iliyo katika ubongo wa ndege kware. Wengi wetu tungecheka na kuuliza, ubongo wa kware utamsaidia nini Mkenya?

Mwanzoni mwa mwaka 1966 alirudi nyumbani akiwa na barua iliyomwahidi kazi ya usaidizi wa utafiti. Alipoenda kuripoti, aliambiwa nafasi ile imepewa mtu mwingine. Fikiria, ndugu msomaji! Shahada mbili mkononi, barua mkononi, na kazi hakuna.

Kilichomwokoa kilikuwa kazi ya mikono yake. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Giessen, alikuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo jijini Nairobi, naye alihitaji msaidizi. Katika kuwachunguza kware, Wangari alikuwa amejifunza kuhifadhi tishu isioze, kuigandisha katika nta, kuikata vipande vyembamba mno, kuitia rangi na kuisoma kwa hadubini. Tishu ya kware na tishu ya ng'ombe hukatwa kwa njia moja. Akapata kazi. Hofmann huyo huyo akamhimiza asomee uzamifu, akaenda Giessen na Munich, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada hiyo. Kufikia mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara.

Hata jina lenyewe alilishughulikia. Chuoni Marekani alijulikana kama Mary Jo. Aliporudi nyumbani alilichukua tena jina lake la kuzaliwa, Wangari Muta. Baadaye, baada ya talaka, mume wake wa zamani hakutaka aendelee kulitumia jina la Mathai. Yeye akaongeza herufi moja ya a, likawa Maathai, na ndilo dunia inalolijua. Ukitazama vizuri utaona kwamba majina yalibadilika lakini sifa ya kazi haikubadilika. Mtu huajiri sifa.

Basi mwanafunzi wa uzamili wa leo afanye nini? Nimemhoji dada, nimeyapima maneno yake, na haya ndiyo niliyoyapata.

La kwanza ni ujuzi unaohamishika. Mada ya tasnifu huwa nyembamba kama sindano, lakini ujuzi uliomo ndani yake ni mpana. Dada yangu anachunguza sumukuvu katika mahindi. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu mahindi yasipokauka vizuri, nayo si hadithi hapa kwetu Ukambani. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa katika mkasa uliokumba wilaya za Makueni, Kitui na nyinginezo. Katika kazi yake dada amejifunza kupima sampuli kwenye maabara, kuchanganua takwimu kwa kompyuta, kuwahoji wakulima na kupanga bajeti. Akikosa kazi ya mahindi, takwimu ni zile zile hata hospitalini au benki. Kwa hivyo mwanafunzi aandike kwenye daftari, kila mwezi, kitu kipya anachoweza kufanya. Siku ya mahojiano hatauliza, "Nianzie wapi?"

La pili ni kueleza kazi yako ikaeleweka. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha shindano ambapo mwanafunzi wa uzamifu hueleza utafiti wake kwa dakika 3 tu, akitumia slaidi moja. Akizidisha muda ameondolewa. Shindano hilo limeenea katika nchi nyingi. Dada alipolisikia aliamua kufanya mazoezi jikoni, na jaji wake akawa nyanya yetu, ambaye hajawahi kukalia dawati. Mara ya kwanza nyanya alimwuliza, "Sasa wewe mjukuu wangu, umesema nini?" Dada akarudia, mara ya pili, mara ya tatu, hadi maneno makubwa yakapukutika. Yakabaki haya: usianike mahindi juu ya udongo, yaanike juu ya turubai, na usiyatie ghalani unyevu ukizidi asilimia 13.5. Siku iliyofuata nyanya alikuwa anauliza bei ya turubai. Hapo nilielewa kwamba kazi inayoeleweka ndiyo inayosambaa, na ikisambaa hubeba jina la mwenyewe.

La tatu ni watu. Msimamizi ndiye atakayeandika barua ya kukupendekeza, nawe huwezi kumwamuru aandike nini. Ataandika alichokiona: ulifika kwa wakati au ulichelewa, ulipokosolewa ulirekebisha au ulinuna. Vivyo hivyo mfanyakazi wa maabara, mwenzako wa darasani na mkulima uliyemhoji. Mkulima aliyeahidiwa majibu ya mahindi yake asipoyapata, atakuwa na la kusimulia. Makongamano nayo yana faida yake. Dada alizungumza katika kongamano moja dogo mwaka jana, na miezi michache baadaye mtu aliyemsikia alimpigia simu amsaidie kukusanya takwimu kwa miezi mitatu. Si kazi ya kudumu, lakini ni kazi, na Baba aliposikia alinyamaza kwa namna ya mtu aliyefurahi.

La nne ni maandishi. Utafiti ukibaki rafuni ni kama nyanya zilizobaki guniani. Mwanafunzi hushauriwa atoe makala katika jarida la kitaaluma, ambapo wataalamu wengine huisoma na kuikosoa kabla haijachapishwa. Lakini tahadhari! Yapo majarida bandia yanayotoza pesa na kuchapisha chochote bila kukisoma, na jina likichapishwa humo haling'ai, linachafuka. Tena hapa kwetu majina hufanana sana. Wapo akina Mutua na akina Wanjiru wangapi vyuoni? Kwa sababu hiyo watafiti hujisajili bila malipo katika mpango uitwao ORCID, ulioanza mwaka 2012, wakapewa namba ya tarakimu 16 isiyofanana na ya mtu mwingine. Kazi yako hata ikichapishwa wapi, namba hiyo huirudisha kwako.

La tano ni mitandao, na hapa ndipo wengi huteleza. Ukurasa mzuri kwenye LinkedIn una maana kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Kujiita mtaalamu kabla ya kutetea tasnifu, kunakili kazi ya mwingine au kujipachika udaktari usio wako ni kuficha nyanya zilizooza chini ya nzuri. Njia ya mwongo ni fupi, na intaneti haisahau upesi.

Wengine watasema kazi hupatikana kwa kujuana, kwa hivyo haya yote ni bure. Siwezi kukana kwamba kujuana kupo. Hata barua ya Wangari ilipotea hivyo, kwa maoni yake mwenyewe, kwa sababu ya kabila na jinsia yake. Hata hivyo, mlango mmoja ulipofungwa, aliyefungua wa pili hakuwa jamaa yake. Alikuwa mtu mwenye kazi ya kufanywa, akamwona anayeiweza. Jina jema halikuhakikishii mlango wa kwanza, ila linaongeza idadi ya milango unayoweza kubisha.

Wanafunzi wenzangu, msidhani mambo haya ni ya watu wa vyuo tu. Anayeongoza mjadala wa chama chetu anajifunza kusema mbele ya watu. Anayeandaa mradi wa kongamano la sayansi anajifunza kupima na kuandika. Mweka hazina wa darasa akirudisha hesabu sawasawa, ameanza kujenga jina, na walimu wanaona ingawa hawasemi. Mimi nimeanza daftari langu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: naweza kumtambua ng'ombe mwenye kupe wengi na kumwogesha dawa vizuri. Nikiujaza, nitampelekea Baba aupitie, ndipo tuzungumze tena kuhusu udaktari wa mifugo.

Nawatakia nyote mtihani mwema. Akiba haiozi, na ujuzi ndio akiba isiyohitaji hata ghala.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Mwanachama, Chama cha Kiswahili