Injini mpya au iliyoundwa upya? Vipimo ndivyo viamue

WAHENGA walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari la doria linalotoka Juba alfajiri na kurejea salama jioni ni kazi ya watu: dereva anayelitunza, fundi anayelihudumia, na mkuu wa karakana anayetia saini karatasi za vifaa vyake. Injini ya gari hilo inapokufa, watu hao watatu hukabiliwa na swali moja gumu. Je, ishushwe na kuundwa upya, au inunuliwe mpya, ingali ndani ya kasha la kiwandani?

Swali hilo ni la usalama kabla ya kuwa la fedha. Barabara ya lami ya kutoka Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012. Ni katika barabara hiyo kwamba mwezi Agosti 2021 basi la abiria lilishambuliwa na watu wenye silaha, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo masista wawili wa Kanisa Katoliki. Askari ambaye gari lake limezimika njiani hawezi kumfikia raia anayeomba msaada, na yeye mwenyewe hugeuka kuwa mtu wa kulindwa.

MAJINA MANNE

Kwanza yafaa tuelewane juu ya majina, kwa maana wengi hudanganywa hapo. Injini ya kasha ni mpya kabisa, imekamilika, na haijapata kuendeshwa katika gari lolote. Nusu injini ni bloku mpya yenye pistoni na kranki. Silinda hedi na pampu ya dizeli huhamishwa kutoka injini ya zamani. Injini iliyoundwa upya ni ile ya zamani iliyofumuliwa yote, ikaoshwa, ikapimwa, ikachongwa palipolika na kutiwa spea mpya. Ya nne ni injini ya mtumba, iliyotolewa katika gari jingine ng'ambo, ikafutwa vumbi na kupakwa rangi ya fedha.

Hii ya nne ndiyo inayouzwa mara kwa mara kwa jina la ile ya tatu. Askari asidanganywe na mng'aro. Rangi haipunguzi hata unywele mmoja wa uchakavu uliomo ndani ya silinda.

NINI KILIIUA?

Tuchukue mfano wa injini ya Toyota 1HZ, ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, iliyoanza kutumika mwaka 1990 katika Land Cruiser. Ni injini ngumu, isiyo na mambo mengi ya umeme, na mafundi wa pande zetu wameizoea. Hata hivyo nayo hufa, na mara nyingi hufa kwa sababu zinazojulikana. Vumbi la kiangazi hupenya kupitia filta ya hewa iliyochakaa na kusaga ringi na silinda. Matope ya masika huziba rejeta, injini ikachemka na silinda hedi ikapinda. Dizeli yenye maji huharibu nozeli na pampu. Mkanda wa taimingi, ambao sharti ubadilishwe kila kilomita 100,000, husahauliwa hadi ukakatika, na vali zikagongana na pistoni.

Hivyo basi, kabla fedha haijaombwa, sababu ya kifo iandikwe. Injini mpya ikifungwa nyuma ya rejeta ile ile iliyoziba, itakufa kwa maradhi yale yale, na hasara itakuwa imezidishwa.

VIPIMO

Baada ya hapo injini ifumuliwe, na maikromita ndiyo iseme. Kila silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa kukatisha na kwa urefu. Silinda ya 1HZ ilipotoka kiwandani ilikuwa na kipenyo cha milimita 94. Ikiwa imelika kidogo, yaweza kuchongwa na kutiwa pistoni za saizi kubwa zaidi. Kranki nayo hupimwa, na ikihitaji kusagwa, hutiwa beringi zinazolingana. Silinda hedi hujaribiwa kwa maji ya shinikizo ili nyufa zijitokeze.

Bloku ikiwa nzima, kranki ikiwa ndani ya mipaka ya kiwanda, spea halisi zikipatikana, na karakana ikiwa na mashine za kuchongea pamoja na fundi mwenye kuziamini, hakuna aibu yoyote kuiunda injini upya. Ikifanywa kwa utaratibu, itafanya kazi miaka mingi. Lakini bloku ikiwa na ufa, au kranki imevunjika na kuharibu makao yake, au silinda zimekwisha kuchongwa hadi mwisho, basi kuendelea kuipiga viraka ni kuzika fedha. Hapo ombi la injini mpya ni la haki, na gari la wagonjwa pamoja na gari la kusindikiza misafara yatangulizwe.

FEDHA NA WAKATI

Tusisahau pia kwamba injini ya kasha hulipwa kwa dola, kisha husafiri kutoka bandari ya Mombasa, ikavuka Kenya na Uganda hadi Nimule ndipo ifike Juba. Desemba 2015, pauni yetu ilipoachiwa soko, bei rasmi ya dola 1 iliruka kutoka chini ya pauni 3 hadi zaidi ya 18. Aliyekuwa ameweka akiba ya injini kwa pauni aliamka akiwa na akiba ya sehemu ndogo tu ya injini. Kazi ya kuunda upya nayo huhitaji spea za dola, lakini ujira wa fundi hulipwa hapa hapa, na ujuzi wake hubaki kwetu.

Wala mtu asidhani kwamba kuunda upya ni desturi ya majeshi maskini. Marekani iliacha kutengeneza injini mpya za kifaru cha M1 Abrams mwaka 1992. Tangu wakati huo vifaru hivyo vimetegemea injini zinazofumuliwa na kuundwa upya, ikiwamo katika karakana ya jeshi ya Anniston, jimbo la Alabama. Kinachofaa kuigwa hapo ni nidhamu: kila kifaa kina kipimo chake, kila kipimo kina karatasi, na kila karatasi ina jina la aliyepima.

DAFTARI LA INJINI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila injini inayoshushwa na ifunguliwe daftari lenye namba yake, sababu ya kuharibika, vipimo vya kila silinda, spea zilizotiwa, na jina la fundi. Spea za zamani zirudishwe stoo zikahesabiwe, ili zisije zikauzwa kama mpya. Injini ikibadilishwa, namba mpya isajiliwe mara moja. Askari polisi wanajua vema kwamba namba ya injini isiyolingana na kadi ya gari ni dalili ya kwanza ya gari la wizi. Haipendezi dalili hiyo ionekane katika gari la serikali.

Mwisho, iwe mpya au iliyoundwa upya, injini haina budi kulelewa. Katika kilomita 1,000 za mwanzo isibebeshwe mzigo mzito wala kukimbizwa, kisha oili na filta vibadilishwe. Dereva akague maji na oili kila asubuhi kama anavyokagua silaha yake, kwa sababu siku ya hatari atavitegemea vyote viwili.