Umbali, Mwanga na Utulivu: Misingi ya Kupiga Picha za Ndege wa Porini

Kupiga picha za ndege wa porini ni fani inayotawaliwa na umbali. Ndege wengi ni wadogo wa umbo na wepesi wa kushtuka, kwa hiyo mpiga picha anayetaka manyoya, mdomo na jicho la ndege vionekane bayana hana budi kumvuta karibu kwa lenzi huku yeye mwenyewe akibaki mbali. Kazi hiyo hufanywa na lenzi ya masafa marefu, yaani lenzi yenye urefu mkubwa wa fokasi, ambao ni umbali kati ya kitovu cha lenzi na mahali miale sambamba ya mwanga inapokutana baada ya kuipita. Lenzi ya kawaida ina urefu wa fokasi wa takriban milimita 50, ilhali zile zinazopendwa na wapiga picha za ndege huanzia milimita 300 au 400 na kufika 600 na hata 800.

Ukubwa wa taswira inayoangukia kihisi, yaani kibamba kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga, huongezeka kwa kadiri ya urefu wa fokasi na hupungua kwa kadiri ya umbali. Mdiria mwenye urefu wa sentimita 20 aliyetua mita 20 kutoka kwenye kamera huacha taswira ya nusu milimita tu kwa lenzi ya milimita 50, lakini kwa lenzi ya milimita 500 taswira hiyo hufika milimita 5, ambayo ni karibu moja ya tano ya kimo cha kihisi chenye milimita 24. Mdiria huyohuyo akiwa mita 100, lenzi hiyohiyo ya milimita 500 itampa mpiga picha taswira ya milimita moja. Kwa hiyo lenzi kubwa hupunguza umbali bila kuufuta, na anayeinunua akidhani kwamba itamwondolea haja ya kujua tabia za ndege atakuwa amegharamika bure.

Ukuzaji huo una gharama zake, na ya kwanza ni mtikisiko, kwa kuwa lenzi inayokuza ndege hukuza pia kila tetemeko la mkono. Kanuni ya zamani inataka shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kukifikia kihisi, ifunguke kwa muda usiozidi sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa fokasi, hivyo lenzi ya milimita 500 huhitaji muda usiozidi sehemu ya 500 ya sekunde. Ingawa lenzi za siku hizi zina mitambo ya kutuliza mtikisiko wa mkono, mitambo hiyo haiwezi kumtuliza ndege mwenyewe. Ndege anayeruka kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 10 katika sehemu ya mia moja ya sekunde, lakini husogea nusu sentimita tu katika sehemu ya elfu mbili, na hiyo ndiyo sababu picha za ndege angani huhitaji shata ya haraka sana.

Shata ya haraka huingiza mwanga kidogo, na hapo ndipo upenyo wa lenzi unapokuwa na maana. Lenzi ya milimita 600 yenye upenyo wa f/4, yaani urefu wa fokasi uliogawanywa kwa 4, huhitaji kioo cha mbele chenye kipenyo cha milimita 150, jambo linaloifanya iwe nzito na ya bei kubwa. Upenyo mpana nao hupunguza kina cha taswira, yaani eneo la mbele na nyuma ya shabaha linaloonekana bila ukungu: kwa lenzi hiyo, kina hicho kwa ndege aliye mita 10 ni takriban sentimita 6 tu. Mpiga picha akilenga bawa, jicho linaweza kufifia, na picha ya ndege ambaye jicho lake limefifia mara chache huwa na uhai.

Kipo pia kizuizi ambacho hakiondolewi na fedha yoyote, nacho ni hewa. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake hupanda na kuchanganyika katika tabaka zenye joto tofauti, kila tabaka likipinda mwanga kwa namna yake, na taswira ya ndege aliye mbali huyeyuka kwa mawimbi. Asubuhi mapema, kabla jua halijaichoma ardhi, ndiyo saa bora ya kazi hii, tena mwanga wake wa pembeni huonesha vizuri umbile la manyoya.

Ustadi wa kukaribia bila kutisha ni wa zamani. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, waliochapisha mwaka 1895 kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza chenye picha halisi, walifikia hatua ya kujificha ndani ya ng'ombe wa bandia ili ndege wasiwatambue. Katika mbuga za Tanzania na Kenya, gari lililozimwa injini hufanya kazi ya maficho hayo, kwa sababu ndege wengi huliogopa kidogo kuliko mtu anayetembea. Mwenye subira huzingatia pia upepo: ndege hupenda kuruka na kutua wakiukabili, hivyo anayeupa upepo mgongo hupata nyuso zao badala ya mikia.

Hata hivyo, kipimo cha juu cha ustadi huu ni utulivu wa ndege. Ndege anayeacha kula, akainua shingo na kutoa mlio wa tahadhari ametangaza kwamba umbali umekiukwa, na aliye kiotoni akiruka huyaacha mayai na makinda katika jua na mbele ya wawindaji. Katika Ziwa Naivasha, furukombe hurushiwa samaki na waongoza mashua ili washuke mbele ya kamera, na picha zinazopatikana hivyo huonesha mazoea yaliyofundishwa na binadamu. Ziwa Natron, ambalo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, lina funzo kubwa zaidi: viota vyao vya tope hujengwa katikati ya magadi, na mtafiti Leslie Brown, aliyejaribu kuvifikia kwa miguu katika miaka ya 1950, aliunguzwa miguu vibaya na tope hilo. Mahali pa namna hiyo lenzi za kawaida za fani hii hazifiki, na kurusha ndege zisizo na rubani juu ya makundi yanayotaga ni kuyahatarisha.

Picha iliyomfanya ndege akimbie kiota chake ni picha mbaya hata ikiwa na ukali wa kila unyoya. Kila anayenunua lenzi ndefu na aitumie kuongeza umbali kati yake na ndege, na pale lenzi inapokoma, naye akome.